Mrejesho: Taasisi ya kumuenzi mdogo wangu imesajiliwa

Ndugu zangu, mwaka jana niliuliza hapa iwapo inafaa kuanzisha taasisi ya kumuenzi mdogo wangu, aliyefariki kwa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli za damu), na kama tuanzie RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili na udhamini, kwa bodi ya wadhamini au kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Nawashukuru kwa dhati mlionijibu.

Tulichagua njia ya pili, chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kwa kuwa lengo letu ni kuhudumia familia nyingi na si kutunza mali ya ukoo. Kazi ngumu ilikuwa katiba. Rasimu ya kwanza tuliiandika kwa uchungu, ikaahidi hospitali, shule na hata kituo cha utafiti, hadi shangazi yetu alipoleta daftari la marehemu, ambamo kila siku ya maumivu aliichora duara jekundu, na pembeni ameandika: "Leo nauli hakuna, kliniki nimekosa." Tulifuta kurasa nne, tukabakiza lengo moja: nauli na dawa za watoto wenye selimundu wanaohudhuria kliniki.

Cheti tumekipata. Kwa marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2019, kinadumu miaka 10, lakini taarifa ya kazi na fedha hutolewa kila mwaka, hivyo mtafuteni mhasibu mapema kuliko sisi. Mtoto wa kwanza tuliyemlipia nauli ana miaka 7, na Jumanne iliyopita aliwahi kliniki.