Madalali wa Mombasa tupeane uzoefu: posti gani ilikuletea mteja wa kweli?

Dalali wa Bamburi:
Salaam nyote. Mimi nafanya udalali tangu 2018, sina ofisi, ofisi yangu ni simu na pikipiki. Mwanzo nlikua naposti kama kila mtu, picha nne za ukuta, "nyumba kali sana, bei inboksi", laiki kibao na mteja hakuna. Siku moja namuonyesha mama mmoja nyumba Mtopanga, hakuangalia tailizi wala makabati, kaingia bafuni moja kwa moja kafungua bomba kachukua kipande cha sabuni kafikicha mikono. Povu hakuna. Akanambia mwanangu maji haya ni ya chumvi, akatoka, hata jikoni hakufika. Toka siku hiyo kila video yangu naanza na bomba, nafikicha sabuni hapo hapo mbele ya simu, kama ni chumvi mtu aone ni chumvi na bei naitaja. Nlidhani ntafukuza watu, kumbe wachache wanaopiga ndio wanakuja na depoziti mkononi. Nyinyi mwafanyaje?

Binti Likoni:
Bei inboksi hiyo hata mimi mteja huwa naipita tu, naona ni kama mtu ataka kunipima mfuko kwanza. Mimi niliwahi kuandika "Likoni, dakika 10 toka mjini". Jamaa akaja saa kumi na moja jioni, akasimama foleni ya feri mpaka jasho likamkauka mwilini, alivyofika alinisalimia vizuri akasema "dada, dakika zako kumi nimezihesabu". Hakuchukua. Sasa naandika feri ipo na foleni ya jioni ipo, lakini kodi ya huku wailipa bila kuumia.

Kijana wa Mtwapa:
Haya na nyinyi munaoandika "Mombasa" kumbe nyumba iko Mtwapa, hiyo ni Kilifi kaunti jamani 😂 Mtu akishavuka daraja ashajua umemdanganya.

Mimi nlichezea sana ile ya "imebaki moja tu, wahi". Inafanya kazi, nisiwe mnafiki, ukiposti tarehe ishirini na nane watu wana haraka ya kuhama na simu hazikatiki. Shida stetasi ya WhatsApp inapotea baada ya masaa 24 lakini skrinshoti haipotei. Mteja alinitumia tatu, wiki tatu tofauti, nyumba ile ile, "imebaki moja" zote. Sikua na la kujibu. Siku hizi nikisema imebaki moja ni moja kweli, na ikichukuliwa nairudia ile posti naandika IMECHUKULIWA. Hiyo ndio inaniletea simu kuliko zote, sijui kwa nini.

Mzee wa Majengo:
Kwa wa kuuza niongeze moja. Huku kwetu kuna nyumba bila ardhi, wanunua jengo na ardhi ni ya mtu mwingine, wamlipa kodi ya ardhi. Sisi tuliozaliwa hapa tunaelewa. Mimi nliposti "inauzwa Majengo, bei ya kutupa", akanipigia kijana yuko Qatar amefurahi kweli kweli, nimekaa simuambii mpaka anauliza hati ya kiwanja. Alikasirika na alikua na haki. Sasa mstari wa kwanza naandika NYUMBA BILA ARDHI kwa herufi kubwa. Na hawa wa ughaibuni usiwatumie picha, wapigie vidio simu, tembea toka barabarani mpaka mlangoni, waonyeshe mtaro na jirani, na umwambie atume mtu wake akafanye sachi kwenye ofisi ya ardhi, ahakikishe mwenyewe ni nani, kabla hajatuma shilingi.

Mpangaji Kisauni:
Mimi si dalali, nimeingia tu kulia. Nlilipa elfu moja ya kuonyeshwa nyumba kwa M-Pesa, picha nzuri balaa, nikafika Kisauni namba imezimwa. Ukitaka nikuamini acha kuniomba pesa ya kuona.

Dalali wa Bamburi:
Pole sana ndugu yangu. Hao ndio wanatuharibia, mimi sichukui kitu mpaka mtu ashike ufunguo.

Mama Watatu:
Sasa wewe wa sabuni, unayo vyumba viwili yenye povu? Bajeti elfu ishirini na tano.

Dalali wa Bamburi:
Ipo Kiembeni mama. Povu lipo ila ni ghorofa ya nne na lifti hakuna. Nakutumia video, nmezipanda hizo ngazi nikirekodi, utanisikia navyohema.