Kalankoe, waridi la jangwa au euphorbia: upi utachanua kwenye roshani ya Mombasa?

BintiTudor
Asalaam alaikum wapenzi wa maua. Niko ghorofa ya tatu, Tudor, na roshani yangu inatazama magharibi. Jua huingia tangu saa saba mchana hadi linapotua. Mwaka jana nilinunua kalankoe nyekundu iliyojaa maua hata majani hayaonekani. Yalidumu wiki kadhaa, yakanyauka, na tangu hapo ni majani tu, manene yanayong'aa, lakini hata tumba moja sijaliona. Aliyeniuzia aliniambia niongeze mbolea. Nimeongeza, na majani ndiyo yamezidi. Je, niendelee kuhangaika nayo, au nichukue waridi la jangwa, au ile euphorbia ya miba? Nina nafasi ya vyungu viwili tu, na nina mtoto wa miaka miwili.

MkulimaKisauni
Waalaikum salaam dada. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hujenga majani, iache kwanza. Kalankoe yako haiumwi, inangoja giza. Kwao ni Madagaska, na hufanya matumba usiku unaporefuka: giza la saa 14 mfululizo, kila siku, kwa muda wa wiki 6 hivi. Sisi tuko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwaka mzima, siku yetu ndefu kabisa haiipiti ile fupi kwa zaidi ya nusu saa, kwa hiyo usiku wetu ni ule ule wa saa 12, na hapo mwanga wa magharibi na wa alfajiri bado unaupunguza. Vitaluni huifunika kwa makusudi, ndiyo maana umeipata imechanua.

Fanya hivi: saa kumi na moja jioni ifunike kwa boksi lisilopenya mwanga, ifunue saa mbili asubuhi. Mchana ipate jua lake. Usichungulie usiku, maana taa ikiwaka kati kati, mmea huhesabu usiku umekatika. Ukiona matumba, acha kufunika.

UmmJasmini
Mkulima amesema kweli, lakini wiki 6 za kufunika na kufunua ni kazi, mwanangu. Mimi niko Mji wa Kale na moyo wangu uko kwa waridi la jangwa. Mti huu ni wa kwetu, humea porini hapa Kenya, na joto hili ndilo lake. Wangu hauhesabu saa za usiku. Unataka jua kali kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku, na udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Maua hutoka kwenye ncha changa, basi nikishaupogoa, kila tawi nililokata hutoa vichipukizi viwili vitatu, na kila kimoja huja na shada lake la waridi.

Adui yake ni masika. Mwezi wa Mei mmoja niliuacha mvuani, nikaubonyeza shina nikakuta kidole kinazama kama kwenye papai bovu. Niliulilia. Sasa mvua zikianza naingiza ndani, na chungu nimechanganya changarawe nusu kwa nusu. Mchanga wa ufuoni msitumie, una chumvi.

KijanaLikoni
Kwa asiyetaka kazi, euphorbia ya miba. Nayo ni ya Madagaska, lakini kwenye jua huchanua karibu mwaka mzima. Hayo mekundu tunayoyaita maua ni vijani. Ua lenyewe ni lile dogo la katikati. Ila dada ana mtoto: miba ni mikali, na utomvu wake mweupe huwasha ngozi na kuumiza macho. Kwake singeipendekeza.

UmmJasmini
Kweli kabisa. Na waridi la jangwa nalo utomvu wake ni sumu, watu walipaka mishale. Litundike juu asikofika. Hata kalankoe si salama kwa paka wanaotafuna majani.

MkulimaKisauni
Kuna mtu aliniuliza faraghani kuhusu krasula, ile ya Afrika Kusini yenye majani kama sarafu. Hiyo hutaka usiku wa baridi ndipo ichanue. Mombasa ipende kwa majani yake tu.

BintiTudor
Shukran sana. Nimegundua jambo: taa ya ulinzi ya jengo la jirani inamulika roshani yangu usiku kucha! Nimeanza kufunika kwa boksi la viatu vya buti nililolipaka rangi nyeusi. Chungu cha pili ni waridi la jangwa, nimelitundika kwenye ndoano ya dari.

BintiTudor (baadaye)
Leo wiki ya saba. Katikati ya majani ya juu kumetoka kikonyo, na kichwani mwake kuna vijitumba vya kijani, vidogo kama punje za mtama. Nimehesabu 9. Mkulima, sasa boksi niliondoe au ningoje vionyeshe rangi?

MkulimaKisauni
Liondoe leo. Maji kidogo, udongo ukikauka juu. Maashallah, dada.