Kifaa cha kudondoshea cheni oili: kuna aliyekifunga kwenye Boxer?

Kibaha_Kwetu: Wakuu, habari za mihangaiko. Nina Boxer 150, napeleka mizigo Kariakoo na kurudi, siku nyingine nasogea mpaka Mlandizi. Kwa siku haipungui kilomita 120. Cheni haimalizi miezi minne, na ikifa inaondoka na sproketi zote mbili. Kuipaka oili nakumbuka Jumapili, tena si kila Jumapili. Sasa nimeona kuna kifaa cha kufunga kwenye pikipiki: kichupa cha oili na mrija mwembamba, kinadondosha tone tone chenyewe ukiwa safarini. Kinafaa kwa chombo cha kazi au ni mambo ya wenye pikipiki kubwa? Natanguliza shukrani.

Spana14: Mkuu, uvivu tu huo. Oili chafu ya injini, mswaki mkuukuu, dakika tano kila jioni. Umemaliza.

Mbeba_Boksi: Nipo Leeds, Uingereza, huu mwaka wa tatu natumia Scottoiler, ile isiyo na umeme. Huku wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi, ukizubaa siku mbili cheni ina kutu. Mrija mmoja umeungwa kwenye njia ya hewa kati ya kabureta na injini. Injini ikiwaka inavuta, ule mvuto unanyanyua vali, oili inashuka kwa uzito wake. Ukizima, inajifunga. Juu kuna pa kuzungusha kuongeza au kupunguza. Mimi nimeweka karibu tone moja kwa dakika. Ila joto likipanda oili inakuwa nyepesi na matone yanaongezeka, kwa hiyo kwa jua la Dar utabana zaidi yangu.

Dereva_Mstaafu: Mimi nilitengeneza changu kwa dripu ya hospitali 😂 Chupa ya maji, mrija, na kile kigurudumu cha kubania. Kilipiga kazi vizuri tu mpaka siku niliyosahau kukibana usiku. Asubuhi mama mwenye nyumba ananiita kwa jina la ukoo, kibaraza chote oili. Nikafua sementi kwa omo na mchanga.

Fundi_wa_Kona: Ndiyo tofauti ya dripu na hicho cha Leeds, dripu haijui kama injini imezimwa.

Mtoa mada, nimewahi kufunga viwili. Tatizo la kwanza ni tundu la kuvutia hewa. Kama pikipiki yako haina, fundi atatoboa ile shingo ya kabureta, na akitoboa vibaya inavuta hewa ya pembeni: sailensa (mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama) inapandapanda, injini inachemka. Usimpe kila mtu. La pili ni ncha ya mrija. Iguse ubavu wa sproketi ya nyuma, kwa chini, pale cheni inapoanza kuingia kwenye meno. Sproketi ikizunguka, yenyewe inaisukuma oili nje mpaka kwenye roli za cheni. Ukidondosha ovyo, oili inarukia rimu na tairi, na tairi la nyuma likilowa oili, kona ya kwanza unalala.

Spana14, oili chafu ina masizi na chembe za chuma. Ikikutana na vumbi la Mlandizi inakuwa msasa.

Spana14: Mbona yangu inadumu?

Fundi_wa_Kona: Kwa sababu unaipaka kila jioni. Yeye hapaki.

Kibaha_Kwetu: Hapo umenimaliza. Cheni yangu ni ya kawaida, haina ile mipira midogo ya kuzibia grisi. Kifaa kitaisaidia?

Fundi_wa_Kona: Zaidi ya yenye mipira. Yenye mipira, grisi yake imefungiwa ndani kiwandani, kati ya pini na bushi. Yako haina kitu ndani zaidi ya unachoiwekea. Tumia oili mpya ya injini, grisi haipiti kwenye mrija.

Lakini kabla ya kununua chochote, pima. Cheni yako ni saizi 428, pini hadi pini, yaani hatua moja, ni milimita 12.7. Ivute ikaze, pima hatua 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259 hakuna oili itakayoiokoa. Na uiache na mchezo wa kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, wengi mnaikaza kama gitaa.

Kibaha_Kwetu: Nimetoka kupima. 261 😭 Na ilikuwa imekazwa kama gitaa kweli. Kesho nachukua seti mpya, kifaa nitakianzishia hapo. Mbeba_Boksi, kichupa umekiweka wapi? Nyuma kwangu kuna boksi la mizigo.

Mbeba_Boksi: Nimekifunga ubavuni mwa fremu, chini ya siti. Popote utakapokiweka kisimame wima na kiwe juu ya sproketi, mrija usipandepande njiani. Na wiki ya kwanza kila ukishuka papasa tairi.