Karatasi za mati kwa picha za A3+: Archival Matte, Photo Rag, Rag Photographique au Hot Press Natural?

Kivuli_Cha_Mchana
Habari wadau. Natafuta karatasi moja ya mati (isiyong'aa) ya kuchapia picha 20 za A3+ (sm 32.9 × 48.3), nusu za rangi, nusu nyeusi na nyeupe, nyingi ni sura za watu. Printa ni Epson P900 na wino wake halisi. Zitaingia kwenye fremu za kioo hapa Dar es Salaam, kisha zihifadhiwe miaka mingi. Zimebaki nne: Epson Archival Matte gramu 192, Hahnemühle Photo Rag 308, Canson Rag Photographique 310 na Epson Hot Press Natural 330. Ipi, na kwa nini?

WinoMweusi
Mkuu, kioo chenyewe kinakupunguzia kazi. Nyuma ya kioo umbile la uso halionekani sana, kwa hiyo linganisha weusi, rangi ya karatasi yenyewe, na itakavyozeeka.

Weusi wa mati huishia densiti (kipimo cha ukolezi wa weusi) ya 1.6 au 1.7 hivi, ilhali karatasi inayong'aa hufika 2.3. Kwa maneno mengine, sehemu nyeusi kabisa ya mati bado inarudisha kama asilimia 2.5 ya mwanga, ya karatasi inayong'aa nusu asilimia tu. Nywele na ngozi nyeusi ndizo zinazoumia, zinaweza kuzama zikawa doa moja. Lakini baina ya hizo nne, tofauti ya weusi ni ndogo kuliko hasara ya kukosea mipangilio.

Uzee ndio unaozitenganisha. Archival Matte ina kemikali za kung'arisha weupe. Hizo hunyonya urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu, ndiyo maana karatasi huonekana nyeupe pee. Zikichoka, karatasi hurudi kwenye umanjano wake wa asili, na haichakai sawasawa: iliyofunikwa na ukingo wa fremu hubaki nyeupe. Kupima ni rahisi: chukua taa ya kukagulia noti, ingia gizani, mulika. Ikiwaka buluu kali, kemikali ni nyingi.

Hot Press Natural ni pamba tupu na haina kemikali hizo, ila ni ya rangi ya maziwa. Ngozi hupendeza juu yake, kanzu nyeupe na mawingu huelekea rangi ya krimu. Kwa seti iliyochanganyika kama yako ningechukua Rag Photographique: pamba tupu, uso laini mno, weupe usio wa kulazimisha. Photo Rag inaifuata kwa karibu, ina unyuzinyuzi kidogo zaidi.

FundiPrinta
Naunga mkono, ila upitishaji kwenye printa ndio unaoharibu karatasi nyingi kuliko uchaguzi wenyewe. Photo Rag 308 ina unene wa milimita 0.48. Za pamba zote tatu zipitishe mbele, kwenye trei ya karatasi za sanaa, moja moja.

Kabla ya kuingiza, shika karatasi wima mbali na printa, upitishe brashi laini upande wa kuchapia. Pamba ina vumbi la nyuzi. Uzi ukichapwa kisha ukadondoka unaacha kitone cheupe, na katikati ya vazi jeusi kinaonekana kama tundu.

Ukiona michirizi myeusi kingoni, kichwa cha kuchapia kinagusa karatasi. Ongeza nafasi ya kichwa kwenye mipangilio, na uinyooshe karatasi iliyojikunja kwa kuizungusha taratibu kwenye bomba pana, kinyume cha mkunjo. Pwani sababu kubwa ni unyevu. Karatasi inataka asilimia 40 hadi 60. Chumba kisicho na kiyoyozi huzidi hapo kirahisi. Toa zile utakazochapa tu, nyingine zirudi kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

Kivuli_Cha_Mchana
Asanteni. Huo weusi unaozama nauokoaje? Kwenye skrini nywele zinaonekana vizuri kabisa.

WinoMweusi
Skrini inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu. Tengeneza safu ya viraka vya kijivu, RGB 0, 5, 10, hadi 40, uchape kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo kwa profaili ya ICC (faili la kurekebisha rangi kwa karatasi na printa husika) ya mtengenezaji. Tazama kiraka cha kwanza kinachotofautika na sifuri. Kama ni 15, basi chochote cha maana kilicho chini ya 15 kipandishe, lakini kwenye nakala ya kuchapia, si kwenye faili la asili.

Aina ya karatasi utakayochagua kwenye dirisha la kuchapia ifuate maelezo yaliyokuja na profaili. Ukichagua ya kung'aa, printa inatumia wino mweusi wa karatasi za kung'aa, na picha inatoka ya kijivu iliyopauka. Na kama programu ndiyo inayosimamia rangi, zima usimamizi wa rangi wa printa. Viwili vikifanya kazi pamoja, ngozi za watu zinaharibika rangi.

Dada_Fremu
Mimi natetea Archival Matte kwa kazi moja: majaribio ya mpangilio wa ukumbi, ukubwa na ukataji. Ni nafuu, usiharibu pamba kwa hilo. Rangi za mwisho usizipime juu yake.

Kwa wanaosoma wakiwa na printa za Epson L805 au L1800: wino wake ni wa rangi iliyoyeyuka, hauna mweusi maalumu wa mati. Karatasi ghali ya pamba haitawalipa. Mati ya kawaida ya gramu 190 au 220 inatosha, kwa kazi zisizohitaji kudumu. Karatasi zenye upande mmoja tu wa kuchapia, bana kona kwa vidole vilivyolowa kidogo: upande unaonata ndio wa kuchapia.

Mkuu, ukimaliza kuchapa usikimbilie fremu. Funika kila picha kwa karatasi ya kawaida isiyo na wino saa 24, ubadilishe ile ya juu ikianza kujikunja. Wino bado unatoa mvuke, na ukifungiwa mapema utaona ukungu upande wa ndani wa kioo. Kisha weka ubao wa ukingo usio na asidi kati ya picha na kioo, visigusane.