Filamu za nje zipigwe ushuru ili Bongo Movie ipumue?

Fundi Saa: Wakuu salaam. Mei 2025 Trump alitangaza ushuru wa asilimia 100 kwa filamu zinazotengenezwa nje ya Marekani, Septemba akarudia tena. Ikiwa taifa lenye Hollywood linataka kinga, sisi tunaona aibu ya nini? 2017 wasanii wetu waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje, tukawacheka. Tukiwabana Wakorea, Wahindi na Waturuki, Bongo Movie haitapumua?

Mgosi: Ushuru unautoza wapi mkuu? Filamu siku hizi haishuki bandarini kwenye kontena, iko kwenye flashi ya yule kijana wa kibanda umiza, pale tunapolipia kutazama video. Halafu nchi za WTO, shirika la biashara duniani, zilikubaliana 1998 huko kwamba kwa muda kinachopita mtandaoni kisitozwe forodha. Labda TRA, watoza kodi wetu, wapite vibandani wakipekua mifuko.

Fundi Saa: Kodi ipo, Mgosi. Tangu 2022 kampuni za nje zinazouza huduma kidijitali zinalipa asilimia 2 ya mapato wanayopata kwetu, mbali na VAT ya 18. Tunaongeza tu.

Mama Wawili: Unaongeza kwa nani? Kampuni inapandisha bei ya kifurushi, basi. Ile tozo ya visimbuzi, mliambiwa nani atalipa? Niliilipa mimi, tena kwa ajili ya katuni za watoto.

Nusu Daktari: Korea kulikuwa na sheria, kila jumba la sinema lionyeshe filamu za kwao siku 146 kwa mwaka. 2006 wakaishusha mpaka 73 kwa sababu walitaka mkataba wa biashara na Marekani. Wasanii wao waliandamana kama wetu. Leo mnawatazama nyinyi. Kwa hiyo sheria peke yake haitoshi, mtazamaji naye awe na macho. Wa kwetu hata Kiingereza hakipandi, anasubiri DJ amtafsirie kwa sauti juu ya filamu. Huyo utamweleza nini kuhusu ubora?

Shoka la Bei: Hapo umenigusa, Nusu Daktari. Mama yangu yuko Nachingwea, hajui neno moja la Kiingereza, na filamu ya Kikorea anaielewa kuliko wewe unayesoma maandishi ya chini huku ukikosa nusu ya picha. Kwani hao Wakorea wanaongea Kiingereza?

Nusu Daktari: Sijamtaja mama wa mtu. Nimezungumzia kiwango.

Shoka la Bei: Kiwango chako ni lugha ya mkoloni. Sema tu.

Mgosi: 😂😂 Nusu Daktari kapatikana. Marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, ndiye aliyetufundisha sinema sisi wa Tanga. Jambazi akifa, wewe unasikia mpaka deni alilomwachia mangi.

Wa Kisumu Ndogo: Kwa heshima zote ndugu zetu, DJ Afro ndiye baba wa hiyo kazi. Huku Kenya watu humtazama yeye, si filamu.

Mgosi: Anatafsiri kwa Kiswahili kipi? Msituchoshe.

Wa Kisumu Ndogo: Kipi? Kile ambacho hata nyinyi mnakielewa. Mbona mnajifanya lugha mlirithi peke yenu?

Fundi Saa: Wakuu, turudi kwenye mada. Ushuru.

Kimya Kingi: Mada ndiyo hiyo. Hao ma-DJ wana ruhusa ya mwenye filamu? Ukiibana kisheria filamu ya nje, wa kwanza kufa ni mtafsiri wa Mbagala, siyo Hollywood. Huyo naye ni Mtanzania, ana watoto.

Shoka la Bei: Nusu Daktari bado hajaomba radhi.

Nusu Daktari: Niombe kwa kosa gani? Nimesema ukweli. Nikikosea kwenye hizo siku 146, nisahihisheni.

Mama Wawili: Hakuna anayezikumbuka siku zako. Fundi Saa, wewe mwenyewe Bongo Movie ya mwisho umeinunua lini?

Fundi Saa: Mama Wawili, kazi zimekuwa nyingi.

Mama Wawili: Kazi nyingi, ila Waturuki umewataja tangu mwanzo wa mada.

Mgosi: Aliyenayo ile ya Kituruki iliyotafsiriwa, kuanzia sehemu ya 40, anitumie. Kijana wa kibandani kapoteza flashi.