Acheni kuwaambia watu VS Code ni programu huria

Wakuu, hili limenichosha. Kila mtu akiuliza aandikie programu kwa zana gani, haipiti dakika kajibiwa: chukua VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, ni bure na ni huria. Bure, sawa. Hiyo huria, yaani msimbo ulio wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, mmeisoma kwenye leseni ipi?

Kilicho huria ni msimbo wa Code - OSS, leseni ya MIT. Faili mnalopakua kwa Microsoft lina leseni yake nyingine, ya kampuni, na linatuma taarifa za matumizi mpaka uingie kwenye mipangilio uweke `telemetry.telemetryLevel` kuwa `off`.

Sasa mtu anahamia VSCodium, iliyojengwa kwa msimbo uleule. Anatafuta Pylance, kiendelezi cha Microsoft cha Python, haipo. Anaishia kuitukana VSCodium! Wakati Marketplace, duka la viendelezi la Microsoft, ndiyo iliyoweka sharti kwamba viendelezi vyake vitumike kwenye bidhaa za Visual Studio tu, ndiyo maana VSCodium inachota viendelezi kwenye duka jingine, Open VSX. Na usijidanganye kupakua `.vsix` (faili la kiendelezi) ukaipachika kwa mkono: hata kitatuzi cha C#, zana ya Microsoft ya kusaka hitilafu, kinakagua kimewashwa na programu gani, kisha kinagoma.

Mbadala upo. Python, weka basedpyright. C na C++, clangd, zana inayosoma msimbo wako na kukuonyesha makosa, na hapa ndipo wengi wanapokwama kisha wanakuja kulia kwamba "vya bure ni vibovu". Kila `#include` ina mstari mwekundu kwa sababu clangd haijui mradi wako unakompailiwa vipi. Inataka `compile_commands.json`, faili lenye amri za kukompaili kila faili la mradi. Kama mradi wako unajengwa kwa CMake, inakutengenezea faili hilo:

`cmake -S . -B build -G Ninja -DCMAKE_EXPORT_COMPILE_COMMANDS=ON`

Jenereta, yaani aina ya ujenzi unayoitaja baada ya `-G`, lazima iwe Ninja au Makefile. Ukichagua jenereta ya Visual Studio, CMake inapuuza hiyo amri kimyakimya na faili hulioni. Folda ikiitwa `build`, clangd inalipata yenyewe. Umeiita `out`? Simama kwenye mzizi wa mradi uandike `ln -s out/compile_commands.json .`, uwashe clangd upya. Mistari myekundu kwisha.

Anayeuza waziwazi sina ugomvi naye. JetBrains, kampuni inayouza zana za kuandikia programu, wanakwambia bei, unalipa au unaacha. Ninachokataa ni kumpa mwanafunzi kitu nusu huria, azoee ile nusu iliyofungwa, halafu siku akitaka kuhama aambiwe tatizo ni programu huria.

Anayebisha afungue leseni iliyomo ndani ya Pylance, atuwekee hapa mstari unaoruhusu kuitumia kwenye VSCodium.