Mpelelezi anayepigana na pombe: bado ana hadithi, au tumemchoka?

Bundi: Wadau, nimemaliza Eight Million Ways to Die ya Lawrence Block, ya 1982. Matthew Scudder, polisi wa zamani wa New York, anahudhuria mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe), lakini zamu ya kusema ikimfikia anapitisha, anasikiliza tu. Kabla yake nilisoma Harry Hole wa Jo Nesbø, wa kule Oslo, naye ni chupa. Je, pombe inaijenga hadithi ya upelelezi, au waandishi wameishiwa?

Mzee wa Ngamiani: Wameishiwa. Nipe maiti, nipe muuaji. Mtu kutazama glasi kurasa nzima si upelelezi. Na mlevi ni mlevi tu: anaacha Jumatatu, Ijumaa yuko kaunta.

Mama Nasra: "Mlevi ni mlevi tu"? Kaka yangu ana mwaka wa nne hajagusa. Wiki ya kwanza arosto, yale mateso ya kuacha pombe, ilimtetemesha hadi nikamshikia kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado ilimmwagikia kifuani. Wewe unatuletea Ijumaa.

Mzee wa Ngamiani: Nimesema riwaya. Kaka yako sijamtaja.

Mama Nasra: Umesema mlevi.

Shabiki: Kwani Scudder si wa Los Angeles? Niliona filamu, Jeff Bridges.

Bundi: Filamu ya 1986 ndiyo iliyomhamisha. Kitabuni ni New York, na risasi yake iliyoparaza ikamuua mtoto wa kike ndiyo iliyomtoa polisi. Ukiondoa pombe hapo hutabaki na Scudder.

Kijiwe: Mzee yuko sahihi. AA wenyewe husimama wakasema "mimi ni mlevi" hata baada ya miaka 20 bila tone. Ndivyo ilivyo tangu Bill Wilson na Dk. Bob Smith waanze kule Akron, Ohio, 1935.

Mama Nasra: Kujisema si kusemwa! Kaka akijisema mbele ya wenzake anajishika. Ukimsema wewe barazani unamsukuma.

Mzee wa Ngamiani: Mama, marehemu baba aliacha mara sita. Mara ya tatu alimwaga chupa chooni tukimtazama, tukaamini. Mwezi haukuisha. Usinifundishe walevi.

Mama Nasra: Pole, mzee wangu. Sikujua. Lakini alipelekwa wapi kusaidiwa?

Mzee wa Ngamiani: Wakati ule kulikuwa na wapi? Alifungiwa chumbani, akapata degedege.

Mama Nasra: Ndiyo maana nasema. Mnywaji wa miaka mingi hakatishwi ghafla nyumbani. Wetu alianzia hospitali, akatulia, ndipo akaingia soba hausi, nyumba ya wanaoacha ulevi.

Bundi: Jamani, mada ni vitabu.

Shabiki: Subiri, Bundi. Mama Nasra, hapo soba wanapokea wa gongo, au wa unga peke yao? Mdogo wangu jana kaahidi tena.

Mama Nasra: Kaka alikuwa wa gongo, akalala chumba kimoja na vijana wa unga. Anakunywa kila siku? Asubuhi mikono inamtetemeka? Niandikie pembeni sasa hivi, usingoje Jumatatu.